Rejeo Linapozunguka: Kusoma Umiliki wa Migodi kwa XSLT

Tangu sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji ilipotungwa mwaka 2015, kuwataja wamiliki wa kampuni za madini nchini Tanzania ni wajibu wa kisheria. Tuseme taarifa hizo zimepangwa katika faili la XML: kila kampuni ina kitambulisho chake, na popote inapotajwa tena huandikwa kitambulisho hicho tu, yaani rejeo. Kwa Mgodi wa Geita kazi ni nyepesi, kwani rejeo linakwenda kwa AngloGold Ashanti na safari inaishia hapo. Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, mambo ni mengine. Kwa makubaliano ya mwaka 2019, Barrick ina asilimia 84 na Serikali 16, na usimamizi uko kwa kampuni ya ubia, Twiga Minerals. Rekodi ya mgodi inamtaja Twiga kuwa msimamizi, na rekodi ya Twiga inautaja mgodi miongoni mwa migodi inayoisimamia. Programu inayofuata kila rejeo itakwenda na kurudi baina ya hizo mbili mpaka kumbukumbu ya kompyuta ijae.

Katika lugha nyingi mtu angeweka alama kwenye kila rekodi aliyokwisha kuipitia. XSLT, lugha ya kugeuza hati za XML iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1999, haina njia hiyo: kigeu kikishapewa thamani hakibadiliki. Wengi huona huo ni upungufu. Mimi naona ndipo ilipo nguvu yake, kwa sababu kumbukumbu ya safari inalazimika kusafiri na msafiri. Kiolezo cha XSLT (template) kinaanza na orodha yenye Bulyanhulu peke yake, na kinapojiita upya kwa ajili ya Twiga kinakabidhi orodha yenye majina mawili. Twiga anaelekeza kwa Bulyanhulu na kwa North Mara, mgodi mwingine anaousimamia. Bulyanhulu limo orodhani, basi linaandikwa jina tu. North Mara halimo, basi linafunguliwa, nalo likimtaja Twiga tawi hilo linafungwa.

Wapo wanaosema inatosha kuweka ukomo, hatua 10 kwa mfano. Ukomo huo utaandika Bulyanhulu mara 5 kwenye tawi hilo moja, na siku moja utakata mnyororo halali wa kampuni mama za ng'ambo kabla mmiliki hajafikiwa. Kufuta rejeo moja nako ni kuipotosha hati, maana anayeanzia kwa Twiga hataliona Bulyanhulu. Hoja nzito zaidi ni kwamba orodha ni ya tawi lake tu. Ukianzia kwa Barrick, tuseme rekodi yake inamtaja Twiga na mgodi pia, utamfikia Twiga moja kwa moja na tena kupitia mgodini, na atafunguliwa mara zote mbili. Kwa hesabu ya hisa, kuzifungua njia zote za umiliki ni sahihi kabisa: kila njia ina fungu lake, na kuifuta moja ni kupunguza umiliki wa mtu. Kwa orodha ya majina tu, kurudia huko ni kosa, na hapo kila tawi halina budi kurudisha majina liliyoyaona ili yakabidhiwe tawi linalofuata, kazi ambayo amri ya xsl:iterate ya XSLT 3.0, ya mwaka 2017, inaifanya vizuri. Amua kwanza unatafuta njia au majina, kisha ijaribu programu yako kwa Bulyanhulu na Twiga, ukianzia kila upande.