Mbinu na Zana za Kufundishia Historia Shule ya Msingi: Mfano wa Vita vya Maji Maji

Muulize mwanafunzi wa shule ya msingi Vita vya Maji Maji vilipiganwa lini, naye atakujibu bila kusita: 1905 hadi 1907. Muulize kwa nini watu wa kawaida walikubali kuzikabili bunduki, atanyamaza. Kosa si lake. Amefundishwa kukariri tarehe; hakufundishwa kuwaelewa watu.

Kwa miaka mingi historia ilifundishwa ndani ya Maarifa ya Jamii. Katika mtaala ulioboreshwa wa 2023 imo katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Jina limebadilika, lakini swali la mwalimu ni lilelile: nitumie mbinu gani na zana gani ili mtoto aelewe? Mbinu ni njia anayopita mwalimu pamoja na wanafunzi wake. Zana ni kitu kinachowasaidia kuona, kushika na kusikia wakiwa njiani. Swali hili linatuhusu sisi pia, kwa kuwa wengi wetu tutapewa siku moja kusimamia shule za parokia.

Kuanzia kinachojulikana

Mwalimu aanze na kitu halisi. Alete pamba ambayo haijachambuliwa, kila kikundi kitoe mbegu kwa vidole kwa dakika kumi. Kisha aeleze kwamba serikali ya kikoloni ya Wajerumani iliwalazimisha wanavijiji wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira mdogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mikono. Mtoto ambaye vidole vimemchoka ataelewa upesi zaidi kuliko aliyesomewa neno “unyonyaji” ubaoni.

Ramani nayo haihitaji fedha. Wanafunzi waichore uwanjani kwa majivu: vilima vya Umatumbi, vita vilikoanzia Julai 1905, kisha Liwale, Mahenge na Songea. Watembee juu yake. Wataona jinsi imani ya maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilivyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali katika eneo kubwa. Kwa kipimo cha wakati, kamba ya katani inatosha: fundo moja kwa kila miaka kumi, kuanzia 1905 hadi leo. Mtoto atahesabu na kugundua kuwa babu wa babu yake huenda aliviona vita hivi.

Kuwasikiliza wazee

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita hivi. Bila kazi hiyo tungebaki kwa kiasi kikubwa na maandishi ya watawala. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kufanya kama wao kwa kiwango chake. Mwalimu amwalike mzee darasani, na wanafunzi waandae maswali mapema: Haya uliyasikia kwa nani? Nyumbani mnayakumbukaje? Baadaye walinganishe aliyosimulia na yaliyomo kitabuni. Zikitofautiana, mwalimu asiharakishe kuamua. Awaulize wanafunzi kwa nini zinatofautiana. Hapo ndipo historia inapoanza.

Igizo nalo lina nafasi yake, lakini kwa kiasi. Wanafunzi waigize baraza la wanakijiji wanaojadili amri ya kulima pamba. Wasiigize mauaji wala kunyongwa kwa mtu. Mateso ya watu hayafai kuwa mchezo wa kuchekesha darasa.

Mahali pagumu

Katika shule ya Kanisa kuna jambo ambalo mwalimu anaweza kushawishika kuliruka. Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa akiwa safarini kusini pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwaka huohuo misioni ya Peramiho ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa amri ya Wajerumani. Kisha mashamba na maghala yakateketezwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Akisimulia kifo cha askofu peke yake, mwalimu atawafundisha watoto kuwaona mababu zao kuwa wauaji tu. Akisimulia kitanzi cha Songea peke yake, watadhani wamisionari wote walikuwa askari waliovaa kanzu. Yote mawili yawekwe mezani, na swali liulizwe wazi: Kwa nini wapiganaji hawakuona tofauti kati ya mmisionari na mtawala? Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kulibeba swali hilo, mradi mwalimu asiliogope. Ukweli haulidhuru Kanisa. Kuuficha ndiko kunakolidhuru.

Shule zilizo karibu na Songea ziwapeleke wanafunzi kwenye Makumbusho ya Vita vya Maji Maji. Zilizo mbali zitumie picha. Wanafunzi waelezwe pia kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba msamaha mbele ya wazao wa waliouawa. Hapo mwalimu anaweza kuuliza swali la mwisho, linalogusa historia na maadili kwa pamoja: Je, mtu anaweza kuomba msamaha kwa kosa alilolitenda babu yake? Awape muda. Awasikilize.

Pamba, majivu, kamba na mzee wa jirani: hakuna shule ya parokia inayoshindwa kupata zana hizi. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu aliyejiandaa, anayependa ukweli na anayewaamini watoto.