Kabla ya Kutoa Damu, Shaurianeni

Mama mmoja mja mzito aliniuliza baada ya darsa: “Sheikhe, daktari ataka kunipima damu ajue kama mtoto ana kasoro. Nikikubali, nitakuwa nimeikataa kadari?”

La, hasha. Kutafuta kujua si kupingana na Mola. Lakini tupambanue. Vipimo vya kundi la damu, upungufu wa damu, kaswende na Ukimwi mama asiviache, kwani vyamwokoa yeye na mwanawe. Kipimo cha hali ya Down ni cha hiari, nacho hakitoi hukumu. Chakisia uwezekano tu. Kuhakikisha huhitaji sindano ya kuvuta maji ya uzazi, yenye hatari ndogo ya kuharibu mimba.

Basi mume na mke waulizane mapema: jibu likija, tutalifanyia nini? Atakaye kujiandaa ana hoja, kwani karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na kasoro ya moyo. Achelewaye miezi ya wasiwasi naye ana hoja. Ama kutoa mimba, jambo hilo ni zito: Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 1990, liliruhusu kabla ya siku 120, kwa kilema kikubwa kisichotibika kilichothibitishwa na madaktari waaminifu, na wazazi wenyewe waombe. Kisio la damu halifiki hapo.

Nilimwambia arudi kwa mumewe, washauriane, kisha waswali istikhara. Mtoto ni amana, vyovyote atakavyokuja. Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi wetu salama. Amin.