Mifupa ya Kinyonga Mchanga

Fungueni vitabu, tusome pamoja.

Leo tunazungumza juu ya kinyonga wa pembe tatu. Kwao ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru katika Tanzania. Lakini Marekani na Ulaya wako watu wamfugao nyumbani, katika kizimba cha wavu. Wengine humpa nyenje mpaka ashibe, na bado miguu yake hupinda. Kwa nini?

Sikilizeni. Mifupa hujengwa kwa madini yaitwayo kalsiamu. Nyenje wana kalsiamu kidogo mno. Kinyonga akiikosa katika chakula, mwili wake huichukua katika mifupa yake mwenyewe. Mifupa hulegea, taya nayo hulainika. Mwisho ulimi hauwezi tena kumnasa mdudu, naye hufa njaa na chakula kiko mbele yake.

Basi mfugaji afanye nini? Kwanza, ampe kinyonga mchanga wadudu wadogo kila siku. Pili, wadudu hao awalishe majani mabichi, kisha awapake unga wa kalsiamu. Tatu, ampatie kinyonga jua lisilopita katika kioo, pamoja na kivuli cha kujificha. Jua huupa mwili vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haimfai. Nne, anyunyize maji juu ya majani, maana kinyonga hunywa matone. Unga wa vitamini asiuzidishe, ukizidi hudhuru.

Mtoto wa binadamu naye akikosa vitamini D hupata matege. Kumbukeni: kushiba ni jambo moja, kujenga mwili ni jingine.

Sasa andikeni jibu: kwa nini miguu ya kinyonga aliyeshiba hupinda?

Kwaherini.