Simiyu hailimi kahawa, lakini yaweza kuikaanga

Jua linapoanza kulegea katika miji ya Kanda ya Ziwa, muuza kahawa huonekana akitoka na birika lake lililokaa juu ya jiko dogo la mkaa, mkono mmoja ukiwa na vikombe anavyovigonganisha ili wateja wajue amefika. Sauti hiyo haihitaji tangazo. Katika mji wa Bariadi, Maswa na hata kwenye senta ndogo kama zile za kata ya Binza wilayani Maswa, watu husogea kwenye benchi, mmoja akashika kashata ya karanga, mwingine akaendelea na drafti, na mazungumzo yakaanza.

Kijiwe cha kahawa ni taasisi isiyo na cheti cha usajili. Hapo ndipo bei dira ya pamba hupimwa dhidi ya bei ya mwaka uliopita, hapo ndipo matokeo ya mitihani ya kidato cha nne hujadiliwa, na hapo ndipo tangazo la halmashauri lililobandikwa ubaoni asubuhi hupata wafafanuzi wake jioni. Wapo wanaokidharau kijiwe kwa kukiita mahali pa wasio na kazi. Dharau hiyo haina msingi mkubwa, kwa kuwa wengi wa wanaoketi hapo wametoka shambani, gereji au dukani, na kikombe kidogo cha kahawa chungu ndiyo bei nafuu kuliko zote ya kununua nusu saa ya kuwa na wenzako.

Kahawa hiyo, hata hivyo, haikutoka Simiyu. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, unajulikana kwa pamba, mifugo, mahindi, mpunga na dengu. Mvua zake ni chache na ardhi yake haina miinuko ambayo arabika huihitaji. Buni inayokunywewa hapa hutoka mbali kidogo: robusta ya Kagera, ambayo huvuka Ziwa Victoria au kulizunguka hadi Mwanza, na arabika ya Tarime mkoani Mara, ambayo inaweza kushuka kwa barabara ya Musoma hadi Lamadi na kuingia Bariadi kwa lami. Kwa mwenye macho ya biashara, Simiyu ipo katikati ya maeneo mawili yanayolima kahawa ingawa yenyewe hailimi.

Swali linalostahili kujibiwa ni kwa nini kahawa inayofika huku huja ikiwa tayari imekaangwa na kusagwa kwingine, au katika kopo la kahawa ya unga inayoyeyuka. Mkulima wa pamba wa Simiyu analifahamu vyema jambo hili kwa upande wake wa pili. Nyuzi za pamba yake husafirishwa zikiwa ghafi na hurudi zikiwa kitambaa, na tofauti ya bei kati ya safari hizo mbili hubaki kwa aliyesokota na kufuma. Katika kahawa, Simiyu inayo nafasi ya kukaa upande wa yule anayesokota.

Historia inaeleza kwa kiasi fulani kwa nini Mtanzania alizoea kuuza kahawa kuliko kuinywa. Wahaya wa Kagera walitafuna buni iliyochemshwa na kukaushwa karne nyingi kabla ya ukoloni, na kumpa mgeni buni ilikuwa alama ya heshima. Lakini kilimo kikubwa cha arabika, kilichoenea Kilimanjaro baada ya wamisionari Wakatoliki kupanda miche huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19, kilikuwa cha kuuza nje tangu mwanzo. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, kwa ajili ya kupata bei bora katika soko la ng'ambo. Nyumbani, kinywaji cha asubuhi kikawa chai. Kiwanda cha TANICA cha Bukoba, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kiliingiza kahawa majumbani kwa kopo la Africafé, lakini tabia ya kunywa kahawa iliyokaangwa ilibaki kuwa ya mwambao, ya vijiwe na ya mahoteli. Hadi leo sehemu inayonywewa nchini ni ndogo, chini ya moja ya kumi ya mavuno, wakati Ethiopia hunywa takriban nusu ya kahawa yake yenyewe.

Jambo hili lilijadiliwa Dar es Salaam tarehe 21 na 22 Februari 2025, katika Mkutano wa Tatu wa nchi za Afrika zinazozalisha kahawa, maarufu kwa jina la G25, ambao Tanzania iliuandaa baada ya Kenya na Uganda. Kaulimbiu yake ilihusu ajira za vijana kupitia kufufuliwa kwa tasnia ya kahawa barani. Kwa lugha ya kawaida, hoja ilikuwa kwamba Afrika ikiendelea kuuza buni ghafi, ajira za kukaanga, kusaga, kufungasha na kuandaa kikombe zitaendelea kuwa za wengine.

Mifano ya hapa nchini ipo. Mjini Moshi, KNCU huendesha mgahawa wa Union Café, ambapo kahawa ya wakulima wanachama hukaangwa na kunywewa katika jengo moja. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, pembe ya mitaa iitwayo Jaws Corner imebaki kuwa baraza la kahawa na siasa kwa miongo mingi, ikiwa na birika, mabenchi ya saruji na watu wenye maoni. Wa kwanza ni mgahawa wenye mashine, wa pili ni kijiwe. Mji wa ukubwa wa Bariadi unahitaji kitu kilicho kati ya hivyo viwili: duka dogo linalokaanga kwa kiasi, linalowauzia wauza birika kahawa safi ya kusaga, na lenye viti vichache kwa atakayetaka kuketi.

Kukaanga si kazi ya siri, ila ni kazi ya makini. Buni safi huja na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ikiingia kwenye pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, hukauka kwanza na kugeuka rangi ya manjano, harufu yake ikiwa ya nyasi au mkate. Joto la punje likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, buni hupasuka kwa mlio unaofanana na wa bisi, na hapo kahawa huanza kunyweka. Sekunde chache baada ya hapo hubadili ladha yote. Anayetoa mapema hupata kahawa yenye uchachu wa matunda, anayechelewa hupata uchungu, na anayechelewa zaidi hupata mkaa. Kwa kawaida mkupuo mmoja huchukua dakika 10 hadi 15, kisha punje lazima zipozwe haraka, la sivyo huendelea kuiva zenyewe nje ya moto.

Kahawa nyingi ya vijiweni hukaangwa kwenye kikaango cha wazi, hadi iwe nyeusi tii. Sababu yake inaeleweka: buni inayobaki nchini mara nyingi si ya daraja la juu, na weusi huficha kasoro. Weusi huficha pia nafaka iliyochanganywa ili kuongeza uzito, udanganyifu ambao mnywaji wa kahawa ya unga hana namna ya kuubaini kwa macho. Faida ya kwanza ya kuwa na mkaangaji mtaani ni hii, kwamba mteja anaona punje nzima kabla haijaingia kwenye kinu.

Faida ya pili ni ubichi wa ladha. Punje iliyokaangwa hutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, ikatulia, kisha huwa katika ubora wake kwa wiki chache tu. Ikishasagwa, harufu huanza kupotea ndani ya dakika, si siku. Pakiti iliyosagwa Dar es Salaam na kukaa rafuni miezi sita haiwezi kushindana na ile iliyokaangwa Jumatatu na kusagwa Alhamisi, hata kama buni ya pakiti ilikuwa bora zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi, na ni vyema mwenye nia akaifanya kabla ya kukopa. Buni hupoteza asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake motoni, hivyo kilo moja ghafi hurudi takriban gramu 840. Kikombe kidogo cha kijiweni kikitumia gramu 8, kilo hiyo hutoa vikombe visivyopungua 100. Gharama ya buni ndani ya kikombe kimoja ni ndogo mno. Kinachokula faida ni nishati, kodi ya chumba, usafiri na siku ambazo wateja hawakuja. Ndiyo maana mkaangaji wa mji mdogo hapaswi kutegemea viti vyake peke yake. Wauza birika ishirini wanaonunua kwake kila juma wana thamani kuliko mgahawa mzuri wenye meza tupu.

Kuhusu taratibu, Sheria ya Tasnia ya Kahawa ya mwaka 2001 inaipa Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao makuu Moshi, jukumu la kusimamia na kutoa leseni katika biashara hii, ikiwamo ya ukaangaji. Buni halali hupatikana kupitia minada inayosimamiwa na Bodi au kwa wafanyabiashara wenye leseni. Kununua kwa magendo kutoka kwa mkulima mmoja mmoja ni kosa na humwondolea mkulima malipo yake stahiki ya ushirika. Mbali na hayo, jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni ya biashara hutolewa na halmashauri. Jengo na bidhaa ya chakula husajiliwa TBS. Mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO hunufaika na utaratibu ambao Serikali hubeba gharama za uthibitisho wa ubora katika miaka ya mwanzo, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi hulipa au hukata tamaa bila kujua kuwa utaratibu huo upo.

Suala la afya halipaswi kupitwa kwa haraka. Mwaka 2024 Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyokumbwa na mlipuko wa kipindupindu, na kila aliyekuwapo anakumbuka jinsi biashara ya vyakula vya wazi ilivyotazamwa kwa hofu. Kahawa yenyewe huchemshwa, hivyo si yenye hatari. Hatari ipo kwenye ndoo moja ya maji ambayo vikombe vya watu thelathini hutumbukizwa na kutolewa bila sabuni. Muuza kahawa anayetembea hana bomba. Hilo ni kweli. Lakini anaweza kutoka na vikombe vya kutosha mzunguko mmoja na kuvirudisha kuoshwa kwa maji yanayotiririka, iwapo mahali pa kurudi pana bomba. Duka la mkaangaji linaweza kuwa mahali hapo. Wahudumu wa vyakula pia hutakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita, na cheti hicho kikining'inizwa ukutani humtuliza mteja kuliko mapambo.

Kuna kundi ambalo kijiwe hakikuwahi kulikaribisha. Benchi la jioni ni la wanaume, kwa mazoea yasiyoandikwa popote. Mwanamke hupika kashata nyumbani na mwanaye huipeleka, lakini yeye mwenyewe haketi. Mahali palipofunguliwa maduka ya kahawa yenye viti na mlango, mwalimu wa kike, muuguzi aliyemaliza zamu na mfanyabiashara wa mitumba huingia, wakaagiza na kuketi bila kutazamwa. Mabadiliko hayo si ya kinywaji tu, maana taarifa za fursa, mikopo na zabuni ndogo nazo husafiri kupitia vikombe.

Mtaji ndicho kikwazo kinachotajwa kwanza. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro za utoaji na urejeshaji, na ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Simiyu inao uzoefu wa vikundi vya aina hii: chini ya mpango wa Wilaya Moja, Bidhaa Moja, vijana wa Maswa walitengeneza chaki na wa Meatu wakasindika maziwa. Maofisa maendeleo ya jamii wa kata ndio wanaopokea maombi ya vikundi, na andiko la mradi lenye hesabu ya kilo, vikombe na wanunuzi halisi husomwa tofauti na lile lenye matumaini pekee.

Mashine haina haja ya kuwa kubwa. Pipa dogo la kukaanga kilo mbili hadi tano kwa mkupuo, lenye moto wa gesi, linatosha kwa mji mmoja, na mafundi wa ndani wana uwezo wa kulitengeneza. Kinachonunuliwa kwa gharama zaidi ni muda wa kujifunza: gunia la kwanza, kwa wakaangaji wengi, huishia likiwa limeungua nusu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyopo Lyamungo, na Bodi ya Kahawa wana wataalamu wa kuonja ambao hupima kikombe kwa alama. Anayekusudia kuanza atafanya vyema kupeleka kwao sampuli ya mkupuo wake kabla hajachapisha lebo ya kwanza.