Mpasuko wa Mai Mahiu na Ufa wa Kweli

Msafiri atokaye Sotik kwenda Nairobi kwa njia ya Bomet na Narok hana budi kupita karibu na mlima Suswa kabla ya kufika Mai Mahiu, na ni katika nchi hiyo, mwezi wa Machi mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, ambapo ardhi ilipasuka, barabara ikakatika pamoja nayo, na mahali pengine pakatokea handaki lenye kina cha meta 15 hivi. Habari zikavuka bahari. Magazeti ya ng'ambo yakanadi kwamba Afrika imeanza kugawanyika mapande mawili, na kwetu pia hawakukosekana waliouliza, nusu kwa mzaha na nusu kwa hofu, kama iko siku tutahitaji jahazi kwenda Nairobi.

Kwa insafu, habari ile ilikuwa na ukweli ndani yake, ila ukweli huo ulipachikwa mahali pasipo pake. Kuta za handaki lile hazikuwa mwamba uliovunjika, bali udongo na jivu la volkano, tabaka juu ya tabaka, jepesi na lisiloshikamana, ambalo kwa dahari nyingi limefukia nyufa za kale za Bonde la Ufa. Maji ya mvua yakipenya humo hulichukua jivu hilo chini kwa chini, hata ardhi ya juu ikikosa cha kuegemea huporomoka. Hiyo, kwa rai ya wanajiolojia wengi waliolitazama jambo hilo, ni kazi ya maji.

Ufa wa kweli hauna haraka. Gamba la dunia yetu ni mabamba makubwa yanayosogea, na hapa kwetu bamba la Somalia, lililobeba Mombasa na Lamu, linajitenga na bamba la Nubia lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, ilhali baina yao kuna bamba dogo la Viktoria, ambalo ndilo lililoichukua Sotik na vilima vyake vya chai. Katika Kenya mtengano huo ni wa milimeta tatu hivi kwa mwaka, kwa hiyo tangu mwaka 1893, alipopita huku J. W. Gregory, Mwingereza aliyewafafanulia wanazuoni wa Ulaya asili ya bonde hili, kingo zake hazijaachana hata kwa dhiraa moja. Na tusilitazame bonde kwa jicho la hofu pekee, maana udongo mwekundu wa Kericho, mwororo na wenye kina, ambao mchai unaupenda mno, umetokana na mawe ya moto yaliyomiminika miaka milioni kumi na zaidi iliyopita, bonde lilipokuwa changa.

Hata hivyo taratibu si salama. Mwamba huvutwa kimya kwa karne nyingi, kisha huachia ghafula, kama ulivyoachia tarehe 6 Januari 1928 huko Subukia, kaskazini mashariki ya Nakuru, kwa tetemeko la kipimo cha 6.9, ambalo lilichana uso wa nchi kwa kilometa zipatazo 38 na kushusha upande mmoja, mahali pengine, zaidi ya meta mbili. Hakuna kubwa kuliko hilo lililopimwa katika Kenya. Lakini huko Rukwa, Tanzania, mwaka 1910, lilipiga la 7.4.

Pwani yetu ina hali nyingine, maana si ukingo wa bamba, na hatari yake ni wimbi litokalo mbali. Ukingo wa namna hiyo uko Makran, ng'ambo ya Omani, ambako bamba huzama chini ya jingine, na mnamo Novemba 1945 zilizala ya 8.1 iliinua bahari. Vivyo hivyo wimbi la tsunami la Desemba 2004, lililomzamisha mtu huko Watamu, lilianzia Sumatra.

Kwa mtu wa Sotik, basi, la kujihadhari nalo ni nyumba yake mwenyewe. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9 tu, lakini liliua watu wasiopungua 17, na aghalabu maangamizi yalitoka kwenye kuta za matofali zisizofungwa kwa chuma. Anayejenga mwaka huu amwambie fundi azungushe mshipi wa zege wenye nondo juu ya madirisha, kuta zote nne, bila kuukata popote.