Usikate Bati la Dashibodi kwa Ajili ya Spika

Sisi watu wa Pwani, msiba hutufikia kwa mdomo na kwa vipaza sauti vya misikiti, na mara nyingi maiti huzikwa siku iyo hiyo. Kwa wakwe zangu wa Pap Onditi, kule Nyakach, Kaunti ya Kisumu, mambo ni tofauti. Mazishi huchukua siku nyingi kupangwa, na tangazo la redio ndilo huwakusanya jamaa na marafiki waliotawanyika. Ndiyo sababu spika moja iliyokufa ndani ya gari kuukuu ilimkosesha baba mkwe wangu mazishi ya mwalimu mwenzake.

Mzee ni mwalimu mstaafu. Gari lake ni ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya miaka ya sitini, aina iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1954 na tena 1962. Siku hizi haliendeshi, macho yamepungua. Lakini kila jioni huketi ndani yake chini ya mwembe, betri ikiwa imechajiwa na paneli ndogo ya jua, akasikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Nilimnunulia redio ya mkononi. Alishukuru, akaiweka kabatini.

Niliposikia spika imekufa, nilinunua nyingine Mombasa, kubwa, ya wati nyingi, nikapanda nayo basi. Kufika Pap Onditi, haikuingia. Nikamleta fundi kutoka mjini Kisumu. Akatazama, akasema dawa ni kukata dashibodi, kazi ya nusu saa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Ora," akaniita, yaani mkwe kwa Kijaluo, "spika hununuliwa. Hilo bati utalinunua wapi?"

Sikuwa na jibu. Dashibodi ya gari lile si plastiki ya kufungua na kubadilisha. Ni bati la bodi lenyewe, na ukishalikata, umelikata. Nilirudi Mombasa na spika yangu, nikaanza upya kwa kujifunza. Haya ndiyo niliyojifunza, huenda yakakufaa wewe mwenye gari la babu uani.

Kwanza, hakikisha kilichokufa ni spika, si redio. Zima redio, chomoa nyaya mbili za spika, kisha gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa nukta moja. Spika nzima hukwaruza na koni yake husogea. Ya mzee ilinyamaza. Ukiwa na mita, spika ya omu 4 husoma pungufu kidogo, kama 3 na nusu. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Na usiiwashe redio ya zamani ikiwa haina spika, kwani baadhi yake huungua.

Pili, tazama omu. Huandikwa nyuma ya sumaku ya spika, na mara nyingi juu ya redio pia. Spika mpya isiwe na omu chache kuliko zinazotakiwa na redio. Ukiipa redio ya omu 8 spika ya omu 4, italazimika kutoa umeme mwingi kuliko uwezo wake, ichemke na hatimaye iungue.

Tatu, usidanganywe na wati. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni mzigo ambao spika inaweza kustahimili, si ukubwa wa sauti. Redio kuukuu hutoa wati chache tu. Kinachofaa ni spika yenye koni nyepesi, inayolia kwa nguvu ndogo. Tazama kipimo cha desibeli: kwa nguvu ile ile, yenye namba kubwa zaidi hulia zaidi.

Nne, pima kabla ya kutoa pesa. Pima upana, pima matundu ya skrubu, na zaidi ya yote pima kina. Kina ndicho kilichonishinda mara ya kwanza, maana sumaku za spika nyingi za leo ni nene.

Ukitaka kubadilisha redio yenyewe, jihadhari. Redio za sasa hutoa sauti pande mbili, kushoto na kulia. Usiunganishe nyaya za pande zote mbili kwenye spika moja ya kawaida, utaiunguza redio. Zipo spika za koili mbili, kila koili na upande wake.

Safari ya pili nilikwenda na spika ndogo, nyembamba, ya omu zile zile. Kwenye Volkswagen hii injini iko nyuma na buti iko mbele, kwa hiyo spika hufikiwa kupitia buti, ukishaondoa kadibodi iliyo nyuma ya dashibodi. Lakini tangi la petroli limo humo humo. Kwa hivyo nilianza kwa kufungua waya hasi wa betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma, na nyaya nikazilehemu mezani, mbali na gari. Cheche moja ndani ya buti ile ingetosha kutuletea msiba wetu wenyewe.

Matundu ya skrubu hayakulingana. Nilikata pete ya plaiwudi, nikaifunga kwenye matundu ya zamani, na spika nikaifunga kwenye pete. Nilikata mbao, sikukata bati. Atakayekuja baada yangu ataweza kuondoa vyote na kulikuta gari kama lilivyotoka kiwandani. Spika ya zamani nilimkabidhi mzee, kwani wako mafundi wanaoweza kuiwekea koili na koni mpya.

Jioni ile mzee aliketi kitini pake, nami kando yake. Taarifa ya habari ikaisha, matangazo ya vifo yakaanza. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kila jina na kila kijiji hadi la mwisho. Kisha akazima redio.

"Leo hakuna wetu," akasema, na tukaenda kula.