Mkanda wa mashine ya kukimbilia ukisita, mgonjwa asipande

Familia nyingi hununua mashine ya kukimbilia, mara nyingi iliyokwisha kutumika, ili mgonjwa wa kiharusi au moyo afanyie mazoezi nyumbani kama alivyoelekezwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Kijana akiijaribu kwa kilomita 8 kwa saa, inakwenda vizuri. Baba akipanda kwa kilomita 1.5, mkanda unasita kila anapokanyaga, kisha unachomoka ghafla. Mwenye mguu mmoja dhaifu anaweza kuanguka papo hapo.

Sababu ni kwamba katika mwendo mdogo mota hupewa umeme kidogo, hivyo uzito wa mguu huipunguza kasi kwa urahisi. Bodi ya umeme inayoendesha mota ndiyo inayopaswa kuiongezea nguvu wakati huo.

Kabla ya kuilaumu bodi, chomoa waya ukutani na uinue ukingo wa mkanda. Ukiwa mkavu chini, paka mafuta ya silikoni, si ya kupikia wala ya gari. Mkanda ukiteleza huku mota ikiendelea kuzunguka, umelegea: kaza boliti mbili za nyuma, robo mzunguko kila upande. Chomeka mashine moja kwa moja ukutani, si kwenye waya mrefu wa kuunganisha.

Tatizo likibaki, mwite fundi. Usifungue bodi mwenyewe, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Bodi nyingi za mota ya DC zina skrubu ndogo za kurekebisha mwendo wa chini, mwendo wa juu na fidia ya uzito, ambayo huandikwa IR. Fidia ikiwa ndogo, mkanda husita mguu unapotua. Ikizidi, mota hurukaruka. Fundi huizungusha kidogo kidogo huku mtu mzima mwenye afya, wa uzito unaokaribiana na wa mgonjwa, akitembea kwa mwendo ule ule wa mgonjwa. Fundi akitaka kuongeza kikomo cha umeme ili kulazimisha mkanda mzito, mkatalie; mota inaweza kuungua.

Mgonjwa aanze akiwa amesimama pembeni mwa mkanda, ameshika vishikio, na ufunguo wa usalama umebanwa kwenye nguo yake. Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, asimame na atafutiwe msaada wa daktari.

Wazazi nao wakumbuke kuwa mkanda unaozunguka huunguza viganja vya watoto kwa msuguano. Mwaka 2021 nchini Marekani, kampuni ya Peloton iliondoa sokoni mashine zake za Tread+ baada ya kifo cha mtoto. Mazoezi yakiisha, chomoa waya na ufiche ufunguo.

Mkanda ukisita tena, zoezi la siku hiyo lifanyike uani, mgonjwa akishikwa mkono.